Maswali ya Wasomaji: Usiku wa Ufukweni Kisumu, Kabla ya Uzio

Mwambao wa Kisumu unajengwa upya, kuanzia mdomo wa Mto Kisat hadi bandarini na kuelekea Dunga. Mabanda ya samaki, baa na vibanda vya dansi vilivyokesha hapo kwa miaka mingi vimeondoka au vinaondoka. Barua za safari hii zinauliza namna ya kuhifadhi kumbukumbu za usiku huo, na haki za waliofanya kazi humo.

Mahali palipokuwa na mabanda ya samaki na ukumbi mdogo wa dansi pamebomolewa. Sakafu ya simiti ingalipo, ila tunaambiwa uzio wa mabati unakuja. Tuna simu mbili na wikendi moja. Tuanzie wapi?
*Vijana wa Nyalenda*

Anzeni na vipimo. Wazee watawasimulia hata mwezi ujao, lakini sakafu ikishamwagiwa kifusi hamtaiona tena.

Tafuteni tepu ya kupimia ya mita 30 au 50, chaki, daftari la miraba na watu watatu: wawili wa kushika tepu, mmoja wa kuandika. Chagueni vitu viwili visivyosogea, kama bikoni ya mpimaji, kona ya ukuta wa zamani wa reli au mfuniko wa chemba ya maji taka. Pimeni umbali kati ya vitu hivyo viwili. Kisha kila kona ya sakafu ipimeni kutoka kwa vyote viwili. Vipimo hivyo viwili, pamoja na mchoro unaoonyesha kona iko upande gani, vinatosha kuiweka mahali pake kwenye ramani. Msitegemee simu peke yake, kwa kuwa mahali inapoonyesha panaweza kukosea kwa mita tano au zaidi, na kibanda kizima kilikuwa na upana wa mita nne. Tena msipime kutoka ukingo wa maji. Ziwa hupanda na kushuka: mwaka 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likafunika sehemu kubwa ya ufuko, kisha likarudi. Ramani iliyoanzia majini haitasomeka baada ya miaka mitano.

Baada ya kona, tafuteni alama za kazi. Masizi ukutani yanaonyesha jiko lilipokuwa. Mfereji mwembamba wenye magamba ya samaki ni wa meza ya kuparulia. Nondo zilizokatwa zikiwa zimepangwa mstari ni nguzo za paa. Sehemu iliyoinuka kwa sentimita 15 hadi 30, yenye bomba la waya wa stima pembeni, huenda ilikuwa jukwaa la bendi. Msiandike kwamba ndilo mpaka mtu aliyecheza hapo athibitishe. Kila alama ipigeni picha mbili, moja ya karibu ikiwa na rula, nyingine ya mbali inayoonyesha alama na kitu kimojawapo kisichosogea. Kosa la kawaida ni kupiga mia mbili za karibu bila hata moja ya mbali. Nyumbani hakuna atakayejua ni kona ipi.

Nimekuta picha za marehemu baba akiwa baa ya ufukweni. Hazina tarehe. Nitajuaje ni za miaka gani?
*Binti wa Milimani*

Pole kwa msiba, dada. Acha nyuso kwanza, angalia kilicho nyuma yao. Magari yenye namba za KAA na kuendelea ni ya 1989 na baadaye. Magugumaji yakionekana ziwani, picha ni ya miaka ya 1990 au baada yake, maana ndipo yalipoenea katika Ghuba ya Winam. Noti yenye sura ya Moi juu ya meza haiwezi kuwa ya kabla ya 1980. Alama hizi zote hukupa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia. Hazikuambii ilipigwa mwaka gani hasa. Kwa hiyo andika "baada ya 1989", usiandike "1989". Andika kwa penseli laini nyuma ya picha, ukiwa umeilaza juu ya kioo. Kalamu ya wino hupenya na kutokeza usoni.

Nina santuri za benga na kanda za kaseti zilizorekodiwa ukumbini usiku. Nyingine zina ukungu. Nataka kuziingiza kwenye kompyuta bila kuziharibu.
*Mstaafu, Kondele*

Mzee wetu, hapa haraka inaharibu zaidi kuliko ukungu, basi tutakwenda polepole.

Tenganisha kwanza santuri za aina mbili. Zile nzito zinazovunjika kama sahani, za mizunguko 78 kwa dakika, zimetengenezwa kwa shelaki. Spiriti huyeyusha shelaki, kwa hiyo isiziguse hata tone. Ndogo za inchi saba, za mizunguko 45, ni za plastiki. Zote zisafishe kwa maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa petroli stesheni ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa vizuri, kwani asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Weka tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita moja ya maji. Pangusa kwa kitambaa laini kufuata mifereji, kamwe usikate katikati, na karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji yasiyo na sabuni, kisha simamisha santuri kivulini mpaka ikauke kabisa. Ukungu uanze kuuondolea nje ya nyumba, umevaa barakoa, kwa brashi laini. Ukiupangusia sebuleni unasambaza mbegu zake kwenye santuri ambazo bado ni nzima.

Sindano ndiyo inayowaangusha wengi. Santuri ya 78 inataka ncha ya takriban milimita 0.076, na ya 45 inataka ncha ya milimita 0.018 hadi 0.025. Ncha nyembamba kwenye 78 huanguka hadi chini ya mfereji na kusoma vumbi tu. Ncha nene kwenye 45 hukwangua kuta za mfereji, na mkwaruzo huo hauondoki. Hakikisha mwendo kabla ya kurekodi: bandika kipande cha karatasi juu ya santuri ya 45, uhesabu mizunguko 15 ndani ya sekunde 20. Ikipungua, mkanda wa mpira umelegea, na bendi itasikika nzito na yenye usingizi. Kumbuka pia kwamba nyimbo nyingi za dansi ziligawanywa pande mbili, kwa hiyo rekodi zote mbili. Upande wa pili ndio gitaa linapochangamka, na ndio watu walioamkia kucheza. Mwisho, nakili namba zilizokwaruzwa kwenye plastiki karibu na katikati. Karatasi ikibanduka, hizo ndizo zitakazotambulisha santuri.

Kaseti zina maradhi yake. Fungua kasha utazame kipande kidogo cha sponji kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha kusomea. Kikiwa kimeanguka, sauti nyembamba hupotea na gitaa linasikika kama liko chini ya blanketi. Dawa yake ni kuhamisha utepe kwenye kasha jipya lenye skrubu tano. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa spiriti ya fundi wa simu ya asilimia 99. Ile ya hospitali mara nyingi imechanganywa na mafuta yanayobaki kwenye kichwa. Kisha zungusha kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja, maana utepe uliokaa miaka hugandamana. Kando ya kichwa pana skrubu ndogo ya kurekebisha mwelekeo wake. Izungushe kidogo kidogo huku kanda ikicheza, uiache pale ambapo matoazi na herufi "s" zinasikika kali zaidi. Fanya hivyo kwa kila kanda, kwani kila moja ilirekodiwa na mashine tofauti.

Rekodi faili za WAV, biti 24 na kilohezi 96. Zinameza nafasi ya takriban megabaiti 35 kwa dakika, kwa hiyo upande wa dakika 30 wa kaseti ya C60 unafika gigabaiti moja na ushei. Hifadhi nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba yako. Usisafishe makelele kwenye faili ya asili. Kelele za chupa na za mhudumu anayeitwa ni sehemu ya ukumbi, na kwa maoni yetu zina thamani sawa na wimbo. Atakayetaka kusikiliza muziki mtupu atengenezewe nakala yake.

Baba anasema walicheza hadi kuku wakiwika. Mimi naona baa zinafungwa saa tano. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Manyatta*

Nyote wawili. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 ndiyo iliyoziwekea baa za kawaida saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Vilabu vya usiku vilipewa saa moja jioni hadi saa tisa usiku. Kisha ikaja kafyu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021, wakati uleule ziwa lilipopanda. Anayeandika kwamba usiku wa ufukweni ulimalizwa na matingatinga peke yake anaruka nusu ya habari.

Nataka kuwahoji akina mama waliokaanga samaki na kuhudumu baa karibu na Kisat. Wengine hawataki wajukuu wajue. Nifanyeje?
*Mwalimu, Obunga*

Uwaheshimu kama walivyo, mwalimu. Kabla ya kuwasha simu, muulize kila mama mambo manne: atajwe jina au la, sauti isikike au iandikwe tu, nani asikilize, na lini. Mwandikie majibu kwenye karatasi na umwachie nakala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamruhusu kuondoa ridhaa yake baadaye, kwa hiyo mpe namba ya kukupata. Majina yakae kwenye daftari moja lililofungiwa, na faili zipewe herufi tu. Usiulize majina ya wateja. Usiku wa baa una siri za watu walio hai.

Uliza kazi, usiulize "ilikuwaje". Mkaa ulitoka wapi, debe moja lilikaanga ngege wangapi, mafuta yalibadilishwa lini, bendi ililipwa na nani, mshahara wake ulikatwa glasi ikivunjika? Mikono ikikumbuka, na mengine huja. Akikosea mwaka, usimsahihishe. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, au kabla ya ghasia za uchaguzi za mwisho wa 2007.

Simu iwekwe hali ya ndege, juu ya leso iliyokunjwa, sentimita 30 kutoka mdomoni. Asubuhi ni bora, kwa sababu jioni upepo wa ziwa hupiga kipaza sauti, na mvua kwenye mabati humeza kila kitu. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana hubana sauti.

Tulipewa karatasi ya kuhama ndani ya siku mbili. Wanasema ni ardhi ya umma na tuko karibu mno na mto. Tuna haki gani?
*Wafanyabiashara wa ufukweni*

Kuna mambo mawili yanayochanganywa hapa. La kwanza ni umbali: kanuni za ubora wa maji za 2006 zinakataza ujenzi ndani ya ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande wa mto, ukipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa, si kutoka maji mliyoyaona leo. Hivyo kibanda kinachoonekana mbali huenda kimo ndani.

La pili ni namna ya kuwaondoa, na hapo siku mbili hazitoshi. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 152C kilichoongezwa mwaka 2016, inataka notisi ya angalau miezi mitatu kwa wanaokalia ardhi ya umma bila kibali: kwa maandishi, katika Gazeti Rasmi, katika gazeti la nchi nzima na redioni. Kifungu cha 152G kinataka wanaobomoa wajitambulishe na waonyeshe idhini, maafisa wa serikali au wawakilishi wao wawepo, na ninyi mpewe nafasi ya kwanza ya kubomoa na kuokoa mali yenu. Mnaweza kwenda kortini kabla siku hazijaisha, na wakili aione karatasi hiyo leo. Pigeni picha karatasi pamoja na mlango ilipobandikwa.

Sambamba na hilo, andikeni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkiomba ramani ya mradi, kibali cha ujenzi na ripoti ya mazingira. Tajeni hati moja moja, kwani ombi la "habari zote" hurudishwa. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ukiambatisha nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.