Ahadi Kila Mtu Anayo, Tazameni Daftari

Swali la wiki liliuliza: mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza wa udaktari akiahidi kuitumikia jamii, je, ahadi hiyo itoshe kumpatia ufadhili wa masomo? Jibu langu ni hapana, na sisemi hivyo kwa kuwadharau vijana. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya uteuzi ya mfuko mmoja mdogo, nikasoma barua za maombi mpaka macho yakauma, na kila mwombaji aliahidi. Sikukutana na hata mmoja aliyeandika kwamba akimaliza atakimbilia kliniki ya matajiri. Sasa kama wote wameahidi, kamati itamchagua nani na imwache nani?

Wengi watajibu upesi: zihesabiwe saa za kujitolea. Fomu nyingi za ufadhili zina kisanduku cha kujaza idadi ya saa hizo, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kisanduku hicho kinaonekana cha haki kumbe kina upendeleo. Kujitolea kuna gharama. Kijana ambaye wazazi wanamlipia kila kitu anaweza kutoa Jumamosi zake zote, na likizo ikifika akasafiri nchi ya mbali kwenda kupaka rangi ukuta wa shule. Mwenzake anayeshinda Jumamosi hizo hizo kwenye kibarua, au akilea wadogo zake ili mama aende kazini, hana cha kuandika. Wa kwanza anajaza saa mia nne, wa pili anajaza sifuri. Mfuko ulianzishwa kwa kumfikiria wa pili, lakini fedha zinakwenda kwa wa kwanza, na kamati inalala usingizi mnono ikijua imefuata utaratibu.

Nakumbuka barua mbili nilizozisoma mfululizo. Ya kwanza ilipangwa vizuri na iliambatanishwa picha ya mwombaji akiwa amezungukwa na watoto wagonjwa. (Nani aliyewaomba ruhusa watoto wale au wazazi wao, barua haikusema. Ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku picha hizo kwenye maombi yote.) Ya pili ilikuwa fupi na kavu. Katikati ya aya iliyohusu masomo ya kemia, mwombaji aligusia tu kwamba bibi yake huenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki na yeye ndiye humsindikiza. Wagonjwa wengine pale walikuwa wamezoea kumpa vikaratasi vyao vya dawa awasomee, basi akaanzisha daftari: jina la mgonjwa, jina la dawa, rangi ya kidonge, asubuhi au usiku, kabla ya kula au baada. Mgonjwa akibadilishiwa dawa, anakata mstari wa zamani na kuandika mpya chini yake pamoja na tarehe. Kwenye kisanduku cha saa za kujitolea aliweka kistari.

Mjumbe mwenzetu alikuwa ameshamweka kwenye rundo la waliokataliwa kwa sababu ya kistari hicho. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe binti alipita kwa tofauti ya kura moja, na mpaka leo kura hiyo moja hunisumbua nikifikiria kamati nyingine ambazo hazikuwa na mtu wa kubisha.

Kwangu mimi daftari lile lilikuwa na kila kitu ambacho insha za wengine zilidai kuwa nacho. Aliona shida bila kuonyeshwa, akaifanyia kazi bila kutumwa, akairudia wiki baada ya wiki, na akaweka kumbukumbu ambayo mtu mwingine angeweza kuisoma. Tena hakudhani kwamba hilo ni jambo la kujisifia. Ndiyo maana napendekeza fomu zibadilishwe: kuuguza ndugu, kulea wadogo na kufanya kazi ya kujilipia karo vihesabiwe sawa na kujitolea. Na mdhamini, yaani yule anayemwandikia mwombaji barua ya kumpendekeza, asiulizwe kama mwombaji ana moyo wa huruma, maana hakuna mdhamini atakayesema hana. Aulizwe: ni kazi gani umemwona mtu huyu akiifanya wakati hakuna aliyemtazama, na aliifanya kwa muda gani?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya hisia, na kwamba dawa ya ahadi hewa ni mkataba. Mikataba ipo. Kule Marekani, mpango wa National Health Service Corps, uliotokana na sheria ya mwaka 1970, humlipia mwanafunzi ada na kumpa posho ya kila mwezi. Naye hutumikia maeneo yenye upungufu wa watoa huduma, mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa, na kima cha chini ni miaka miwili. Akivunja mkataba anadaiwa mara tatu ya fedha alizopewa, pamoja na riba. Japani nayo ina Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichoanzishwa mwaka 1972. Wanafunzi wake huchaguliwa kutoka kila mkoa, husoma miaka sita kwa mkopo, na deni hufutwa wakitumikia mkoa wao kwa muda ambao ni mara moja na nusu ya ule wa masomo, yaani miaka tisa.

Sina ugomvi na mkataba. Fedha ni za watu, na watu wana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Ninachokataa ni mkataba kufanywa mbadala wa uteuzi makini. Mkataba unaweza kumfikisha daktari zahanati ya mbali, lakini hauwezi kumfanya amsikilize mgonjwa. Halafu mfikirie anayesaini: amemaliza shule juzi, hajakanyaga wodi hata siku moja, na anaamua leo maisha yake ya miaka kumi ijayo. Mipango ya namna ya ule wa Marekani hutaka madaktari wa huduma za msingi, wale ambao mgonjwa wa kawaida huwaendea kwanza. Mwanafunzi akifika mwaka wa nne akapenda upasuaji wa ubongo, ndipo atakapoelewa lile neno "mara tatu". Walau basi apewe mkataba wiki kadhaa kabla ya kusaini, akae nao na mtu mzima asiyetoka kwenye mfuko, wausome mstari kwa mstari.

Tena upo ushahidi kwamba kuchagua vizuri kunalipa hata pasipo kamba ya kisheria. Chuo cha tiba cha Jefferson, kule Philadelphia, kilianzisha mwaka 1974 mpango wa kuwatafuta waombaji waliokulia vijijini na waliokusudia kurudi huko kama madaktari wa familia. Hakuna aliyelazimishwa kurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba wahitimu wa mpango huo walikuwa asilimia 1 tu ya wahitimu wa vyuo saba vya udaktari vya jimbo la Pennsylvania, lakini kati ya madaktari wa familia waliosomea vyuo hivyo na kufanya kazi vijijini mwa jimbo hilo, wao walikuwa asilimia 21. Pengo la namna hiyo haliletwi na insha nzuri, linaletwa na kujua mtu ametoka wapi na amekuwa akifanya nini. Cuba nayo, kwenye shule yake ya udaktari iliyofunguliwa mwaka 1999 kwa ajili ya vijana wa mataifa mengine, husomesha bure na kuwataka wahitimu wakatumikie wasio na daktari, na dai hilo ni la kimaadili tu, halina faini.

Liko jambo moja ambalo swali la wiki halikuligusa, nami naona ndilo zito kuliko yote: na mfuko wenyewe unaahidi nini? Ada peke yake haimsomeshi mtu. Kuna kodi ya chumba, vitabu, koti jeupe, vifaa, nauli ya kwenda hospitali ya mafunzo alfajiri, na ada za mitihani zinazozuka bila taarifa. Mwanafunzi aliyelipiwa ada asiwe na nauli atarudi kwenye kibarua cha usiku, matokeo yatashuka, na mfuko utamwandikia barua ya onyo. Nimeona barua kama hiyo ikipelekwa kwa kijana aliyekuwa akipata usingizi wa saa nne tu kila usiku. Hakuna mjumbe aliyempigia simu kabla ya kuituma.

Afrika Kusini kuna mpango uliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika hospitali moja ya vijijini KwaZulu-Natal, ambao leo unaitwa Umthombo. Huwasomesha vijana wa maeneo hayo hayo nao hurudi kufanya kazi huko, mwaka mmoja kwa kila mwaka waliosomeshwa. Kinachonivutia kwao ni kwamba kijana hutakiwa kwanza ajitolee hospitalini, ambako watu humwona kwa macho. Na akishachukuliwa hupewa mlezi wa kumfuatilia chuoni, na likizo hurudi hospitali ya kwao kufanya kazi na watu atakaokuja kuwa nao. Mkataba upo, ila haukuachwa peke yake.

Basi kwa kamati yoyote itakayokaa msimu ujao: punguzeni urefu wa insha, mtumie muda huo kuzungumza na wadhamini kwa simu. Fedha zisipotosha kwa wanafunzi kumi kwa ukamilifu, chukueni sita na muwalipie mpaka nauli. Na kabla hamjatangaza majina, mchagueni miongoni mwenu atakayempigia kila mmoja wao simu mwezi wa tatu wa masomo, pale mitihani ya kwanza inapotoka na wengi huanza kuficha matokeo.