Jeni si Shangazi

SWALI: Mhariri, nauza maharagwe soko la Kibuye, Kisumu. Binti yangu wa kidato cha nne anakariri "jeni, jeni" usiku kucha. Kwetu Jeni ni shangazi! Neno hili limetoka wapi?

JIBU: Shangazi hahusiki, mama. Jeni ni chembe ya urithi inayotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Neno hilo alilibuni mtaalamu wa mimea Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka 1909, akilifupisha kutoka "pangeni", jina ambalo Mholanzi Hugo de Vries alizipa chembe za urithi (1889). Mzizi ni wa Kigiriki: kuzaa.

Sasa sikia utamu. Johannsen alikuwa akipima maharagwe! Katika ukoo mmoja safi, yaani uzao wa punje moja iliyojichavusha yenyewe, alipanda punje kubwa na ndogo. Uzao wote ukatoka na wastani uleule wa uzito. Ndipo akatenganisha fenotipu, yaani linaloonekana, na jenotipu, linalorithiwa. Gunia lako la nyayo na rosekoko zilizochanganyika lingemvuruga kabisa, maana lina koo tofauti.