Jibu: Rufaa ya mirathi kutoka kwa Kadhi wa Chake inaishia wapi?
Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza kama kesi yenu ya mirathi iliyoanzia kwa Kadhi, Chake Chake, itafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Haifiki. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 99, inazuia: mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi humalizikia hapa hapa Visiwani, kwa hiyo nauli ya Dar iwekeni.

Kwanza tazama tarehe ya hukumu, halafu omba nakala yake karani akiwepo. Sisi tulikaa barazani tukibishana nani kamteua jaji (ni Rais wa Zanzibar, kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama), siku zikatupita, ikabidi tuombe kuongezewa muda.