Ati mheshimiwa akimbilie ubalozi Gigiri?

Zii ndugu yangu, hapa haitaenda hivyo. Umeuliza kama mheshimiwa mwenye kesi ya pesa za umma anaweza kuingia ubalozi hapo Gigiri, Nairobi, atulie, vile Jorge Glas, aliyekuwa makamu wa rais wa Ekuador, alijaribu. Hao wa Amerika ya Kusini wana mkataba wao wa Caracas wa 1954 wa kupeana hifadhi ubalozini, sisi hatumo. Na hata huo unakataza kuficha mtu wa makosa ya kawaida, lakini sasa nchi inayomficha ndiyo inaamua kama ni wizi ama ni siasa, na Meksiko, waliomficha Glas, wakashikilia hapo. Jamaa alikuwa ashafungwa 2017 kwa hongo za Odebrecht, kampuni ya ujenzi ya Brazil, akatoka, akaingia ubalozi wa Meksiko huko Quito, mji mkuu wa Ekuador, Desemba 2023, Aprili 5, 2024 akapewa hifadhi na usiku huohuo polisi wa Ekuador wakaruka ukuta wakamtoa mzobemzobe, afisa wa ubalozi akajaribu kuwazuia akaangushwa chini pale nje. Meksiko wakakata uhusiano. Yeye akarudishwa jela na 2025 akaongezewa miaka 13 juu ya pesa za tetemeko la 2016 (pesa za tetemeko jameni!). Simhurumii hata kidogo, lakini kuvamia ubalozi ni makosa, Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu mabalozi, ibara ya 22, unakataza kabisa na Kenya tumo. Kwa hivyo hapa makarao wangekaa tu nje ya geti wakingoja ubalozi uchoke kumlisha.