Maswali na Majibu: Gari la Haibridi na Mafuta Linayotumia Barabarani

Nilinunua Toyota Aqua ya mwaka 2014 baada ya kuelezwa kwamba huenda kilomita 37 kwa lita moja. Mimi napata 21. Je, nimedanganywa, au gari ni bovu? (Msomaji wa Kimara, Dar es Salaam)

Gari lako ni zima. Aqua ni haibridi, yaani gari linaloendeshwa na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Takwimu ya 37 ni ya kweli, lakini ilipatikana kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, ambacho gari hupimwa ndani ya maabara kwa dakika 20 hivi, likienda mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa bila kuvuka 82, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Hapo hakuna jua la saa nane mchana, hakuna abiria wanne wala mizigo yao, na hakuna matuta yanayokulazimisha usimame kila baada ya mita mia mbili. Nchini Marekani gari hilihili liliuzwa kwa jina la Prius c, na kipimo cha huko, ambacho huhusisha mwendo wa kasi, joto na kiyoyozi, kililipatia maili 50 kwa galoni kwa matumizi mchanganyiko, yaani kilomita 21 na kidogo kwa lita. Unaona kwamba umelingana nacho kabisa. Ninachokilaumu ni mazoea ya kumtajia mnunuzi namba ya maabara kana kwamba ni ahadi, kwa sababu mtu hupanga bajeti ya familia yake kwa namba hiyo, kisha akaishi akidhani ameuziwa gari lenye kasoro.

Dashibodi inanionesha kilomita 24 kwa lita, lakini nikipiga hesabu ya pesa ninazolipa kituoni naona hazifanani. Niamini kipi? (Msomaji wa Morogoro)

Amini pampu, ila pima vizuri. Dashibodi hukadiria mafuta yaliyopita kwenye nozeli zinazoyanyunyiza ndani ya injini, na mara nyingi makadirio hayo huelekea upande wa kulisifia gari. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida mpaka tangi likaribie robo, kisha jaza tena kwenye kituo kilekile, na ikiwezekana pampu ileile, mpaka ikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza mara ya pili. Ukitembea kilomita 520 na ukajaza lita 24.5, umepata 21.2. Usitoe hukumu kwa tangi moja, kwani pampu inaweza kukata mapema au kuchelewa kwa lita moja hivi, na katika tangi dogo la lita 36 kama la Aqua kosa hilo ni kubwa. Chukua wastani wa matangi matatu au manne. Wanaoweka mafuta ya elfu kumi leo na ya elfu kumi keshokutwa hawawezi kujua gari lao linakula kiasi gani, hata wawe makini namna gani.

Inawezekanaje gari hili litumie mafuta kidogo kwenye foleni kuliko kwenye barabara kuu? (Msomaji wa Thika)

Katika gari la kawaida, kila ukikanyaga breki mwendo wote uliougharamia kwa mafuta hugeuka joto na kupotea, na ukisimama injini huendelea kunguruma bure. Haibridi hurudisha sehemu ya mwendo huo kwenye betri kupitia mota, ambayo wakati wa kupunguza kasi hufanya kazi ya jenereta. Kisha hutumia umeme huo kuondoka tena, injini ikiwa imelala. Kwenye barabara kuu hakuna breki za kuvuna, na upinzani wa hewa ndio unaotawala: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, nguvu ya hewa inayolirudisha gari nyuma hukaribia kuongezeka mara mbili. Hata hivyo foleni ina mpaka wake. Ukikaa saa nzima bila kusogea, huku kiyoyozi kikivuta umeme, betri itashuka na injini itawaka ili kuijaza, na wakati huo unachoma mafuta bila kutembea.

Nairobi hadi Mombasa nilipata kilomita 24 kwa lita, lakini kurudi nilipata 20 tu, kwa dereva yuleyule na mzigo uleule. Je, mafuta ya Mombasa ni duni? (Msomaji wa Nairobi)

Usiyalaumu mafuta. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na safari yako ya kurudi ni mlima wa karibu kilomita 480, hata kama macho hayauoni kwa kuwa umetandazwa taratibu. Kuinua gari lenye uzito wa tani moja na robo, abiria wakiwamo, hadi kimo hicho hugharimu karibu lita mbili za petroli. Kwa takwimu zako ulitumia lita 20 kwenda na 24 kurudi, na kimo kinaeleza sehemu kubwa ya pengo hilo, kwa sababu ulipokuwa ukishuka baadhi ya nguvu hiyo ulirudishiwa. Haikurudi yote, kwa kuwa betri ya gari kama Aqua hubeba chini ya kilowati-saa moja, na ikishajaa kwenye mteremko mrefu haina pa kuweka zaidi.

Je, niweke gia kwenye N ninaposimama kwenye taa, ili kuokoa mafuta? (Msomaji wa Mwanza)

Hapana. Katika haibridi za Toyota betri kubwa, yaani ile inayoipa mota umeme, haichajiwi gia ikiwa kwenye N, kwa hiyo umeme utakaotumika hapo injini itaurudisha baadaye kwa mafuta. Acha gia kwenye D na ushike breki.

Gari langu lilikuwa likinipa kilomita 22 kwa lita, na ndani ya miezi miwili limeshuka hadi 16. Fundi anasema betri kubwa imekufa. Nifanye nini kabla ya kutoa fedha hizo? (Msomaji wa Dodoma)

Betri inaweza kuwa imechoka kweli, lakini anza na mambo yasiyo na gharama. Pima upepo wa matairi asubuhi, yakiwa baridi. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kupita mengine, huenda breki yake imenata. Hakikisha pia oili iliyowekwa ni ile nyepesi iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kisha angalia tundu la kuvutia hewa lililo pembeni mwa kiti cha nyuma, kwa maana betri hupozwa na hewa ya ndani ya gari, na katika mji wenye vumbi kama wako feni yake hujaa uchafu na nywele mpaka hewa isipite. Betri ikipata joto kupita kiasi, kompyuta huizuia kupokea na kutoa umeme, na injini hubaki ikifanya kazi peke yake. Dalili yake ni hiyohiyo uliyoieleza. Mwombe fundi aifungue feni hiyo mbele yako na kuisafisha, kisha apime volti za kila sehemu ya betri kwa mashine ya uchunguzi, gari likiwa linatembea. Zikiwa sawasawa, jaza tangi na uanze kuhesabu upya.