Usiseme "ni kweli" kabla hujasikia yote: barua kwa mwanangu

Lindi

Mwanangu Hamisi,

Marahaba, baba. Ujumbe wako nimeupata. Unaniuliza: Jumatatu ukisomewa shtaka la kuendesha gari kwa hatari na kumjeruhi yule mzee wa baiskeli pale Nanguruwe, ukubali kosa ulipe faini yaishe, au ukatae? Unaniambia pia kwamba tajiri wako ameahidi kulipa faini yote, mradi ukubali.

Nianze na huyo tajiri. Fuso lake limezuiwa kituoni, na msimu wa korosho ndio huu. Kila siku lisipopakia anapata hasara, kwa hiyo simlaumu kutaka gari lake. Lakini faini italipwa kwa fedha zake, na hatia itabaki kwenye jina lako. Mahakama inaweza kukufungia leseni, na kosa la kujeruhi mtu barabarani lina kifungo ndani yake. Tajiri hatakwenda gerezani kwa niaba yako. Msikilize kwa adabu, ila uamuzi wako utokane na kilichotokea barabarani.

Usilichukulie jambo hili kama ile faini ya 30,000 ya trafiki, unapewa kontroli namba, unalipa, unaendelea na safari. (Hata hiyo, asiyekubali kosa ana haki ya kukataa kulipa na kutaka apelekwe mahakamani. Madereva wengi hawaijui.)

Miaka yangu ya ukarani wa mahakama niliwaona vijana wengi wa malori, na mmoja sijamsahau. Alisomewa shtaka akasema "ni kweli, mheshimiwa". Mwendesha mashtaka akaanza kusoma maelezo ya tukio: mwendo kasi, eneo la makazi, kupita gari lingine mahali pasiporuhusiwa. Kijana ameegemea kizimba, anaangalia mlangoni aliposimama utingo wake. Akaulizwa kama maelezo ni sahihi, akajibu "yote sahihi". Alipotiwa hatiani ndipo akashtuka: "Lakini mimi sikupita gari lolote!" Ilishaandikwa. Sheria yetu humbana sana mtu aliyekiri mwenyewe: rufaa yake kwa kawaida huishia kwenye adhabu, hatia haiguswi. Kwa hiyo, hata ukiamua kukubali, sikiliza sentensi moja moja. Palipo na uongo sema "hapo si kweli", na hakimu ataandika kwamba umekataa kosa.

Kukataa kosa si kusema uongo wala si kumdharau hakimu. Ni kuitaka Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ithibitishe. Katiba, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Ukikataa, yatasomwa maelezo ya awali, utaje unayokubali na unayobisha. Jina lako, gari, tarehe, kwamba baiskeli iligongwa, hayo kubali. Bisha namna ulivyokuwa ukiendesha. Kisha watakuja mashahidi, na hapo ndipo kesi za ajali huamuliwa. Iangalie vizuri ramani ya eneo la ajali aliyochora askari: alama ya mgongano iko upande gani wa barabara? Ilipimwa kwa futi kamba au kwa hatua? Mkaguzi wa magari ameandika nini kuhusu breki? Kama zilikuwa mbovu na ulishamwambia tajiri, hilo nalo ni neno, na huenda ndilo linalomfanya awe na haraka. Picha alizopiga utingo zisifutwe, na simu yenyewe aitunze. Yule mama muuza mihogo uliyemtaja, mwombe aje kusema alichokiona. Usimwambie aseme nini.

Jamhuri ikimaliza na hakimu akaona huna kesi ya kujibu, unaachiwa. Akiona unayo, utajitetea kwa kiapo, au bila kiapo, au utanyamaza. Kwa ajali kama hii ningependa useme kwa kiapo, maana uliyoyaona wewe hakuna mwingine aliyeyaona.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kwamba baiskeli ilitoka kwenye njia ya mikorosho bila taa. Hukuniandikia ulikuwa mwendo gani. Pale ni kwenye makazi, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kama ulizidisha, niambie, na umwambie wakili. Huenda njia yako ni kukiri, ukaeleza mapema kwamba ni kosa lako la kwanza, ulisimama, ulimpeleka majeruhi hospitali ya Ligula. Au wakili azungumze na upande wa mashtaka kuhusu kosa dogo zaidi, la kuendesha bila uangalifu. Makubaliano ya kukiri kosa yamo katika sheria tangu 2019, ila lazima mahakama iyaridhie.

Wakili si lazima, lakini kwa kesi yenye kifungo mtafute. Mwambie atamke ada yake mapema na akupe risiti. Vishoka, yaani mawakili wa bandia, wapo hata Mtwara, hivyo jina lake liangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Fedha ikikosekana, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri akuelekeze kwenye msaada wa kisheria, uliowekewa sheria yake mwaka 2017. Ujue tu kwamba msaidizi wa kisheria hukushauri na kukuandalia, hasimami kukutetea mahakamani.

Kumwona mzee hospitali nenda, peleka mchele na sabuni, mpe pole kwa moyo. Ni utu, na mimi nitakuja nawe. Karatasi yoyote ya "nakubali kosa" usitie saini, hata kama ndugu zake wanakusihi.

Hukumu ikikuendea vibaya, kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, iliyopo hapo hapo Mtwara, linatolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Omba nakala ya hukumu siku ile ile.

Dhamana ya polisi haikufikishi mbali. Mahakamani utadhaminiwa upya. Mjomba wako amekubali. Kesho atachukua barua ya mtendaji wa mtaa, na kitambulisho chake cha taifa anacho. Saa mbili kasoro awe nawe mlangoni. Dhamana hailipiwi, na atakayekudai hela umwombe risiti.

Nipigie leo usiku, uniambie ule mwendo.

Mama yako