Muulize Fundi: tela la mawese na mlima wa Mwanga

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ujiji, Kigoma, nabeba mawese kwa baiskeli kupeleka Mwanga na mjini, madumu mawili kwenye karia ndo mwisho. Nataka nijiundie tela la madumu sita, ringi mbili za 28 ninazo na skwea paipu zipo. Nilifunge kwenye bomba la siti au wapi? Na gia je, maana milima yetu unaijua.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dumu la lita 20 likijaa mawese ni kilo 18 hivi, sita ni 108, jumlisha tela, baiskeli na wewe mwenyewe unavuka kilo 200, na mlima ukipanda mita 5 kila mita 100 ni sawa na kuvuta kisimani ndoo ya lita 10 bila kupumzika mpaka juu. Kwa hiyo gia ndo kwanza. Kama una sproketi ya meno 48 mbele na 18 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja tairi linazunguka karibu mara 2.7, weka 36 na 24 inashuka mpaka 1.5, utaenda polepole ila utapanda.

Kwenye siti usifunge, ni juu mno, ukikata kona tela litakusukuma ulale. Funga chini karibu na ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, kulia kuna cheni. Kiungo kiwe cha mpira mgumu kinachokunjika kila upande, na pembeni weka kamba ya akiba kiungo kisije kikakatika. Kila ringi ishikwe pande zote mbili, ekseli ya baiskeli ikishikwa upande mmoja inapinda tu. Mzigo uzidi kidogo mbele ya matairi, ukinyanyua mkono wa tela uone kama kilo kumi hivi, uzito ukizidi nyuma tela litayumba. Na madumu yajae, mafuta ya nusu dumu yanacheza.

Sasa hapa naomba unisikilize sana. Tela halina breki, kushuka kutoka Mwanga kwenda stesheni litakusukuma kwa nyuma, na breki za fito mvua ikilowesha ringi hazishiki kabisa. Jaribu kwanza tupu, alafu madumu mawili, alafu manne. Mteremko mkali shuka ukokote kwa miguu, nakuomba.

SWALI: Fundi, mi niko Tabora, nimeunda guta la matairi matatu, ya nyuma yote mawili nimechomelea kwenye ekseli moja. Njia iliyonyooka poa, kona linagoma, shida nini?

JIBU: Kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, we umeyalazimisha yazunguke sawa ndo maana linaburuza. Kata moja, lizunguke huru kwenye beringi zake, livute moja tu. Huko kwenu ni tambarare, linatosha. Kwenye mchanga likiteleza, sogeza mzigo upande wa tairi linalovuta.